Kuifunza tarakilishi kucheza bao: Sheria ndizo kibarua, wala si akili

Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ya anayetunga programu ya mchezo wa ubao ni kuifanya tarakilishi ifikiri. Kwa hakika, mbinu za kuiwezesha mashine kuchagua hatua nzuri zilielezwa zaidi ya miaka 70 iliyopita, na leo kijana aliyejifunza kutunga programu kwa mwaka mmoja anaweza kuziandika katika kurasa mbili tatu.

Linalowatoa wengi jasho ni jambo ambalo kwa mbali huonekana jepesi: kuziandika sheria za mchezo wenyewe bila kuacha pengo hata moja.

Ugumu huo hudhihirika katika bao la Kiswahili kuliko katika sataranji au drafti. Sheria za sataranji huchapishwa na shirikisho la kimataifa, FIDE, na yeyote anaweza kuzisoma. Sheria za bao, kwa upande mwingine, zimehifadhiwa zaidi vichwani mwa wachezaji wa Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko, na hufundishwa kwa kutazama, kukosea na kukaripiwa.

Kwa hivyo, anayekusudia kuliingiza bao katika simu ya mkononi kama uraibu wa jioni, baada ya kazi inayompa riziki, hujikuta akifanya kazi mbili kwa mpigo: ya mtunzi wa programu na ya karani wa mila. Akiboronga ile ya kwanza, mashine itacheza vibaya na watu wataicheka. Akiboronga ya pili, watoto wanaojifunza kwa simu watalijua bao ambalo si bao, na siku watakapoketi barazani na wazee watadhani wazee ndio wanaoiba.

Uraibu wenyewe una nasaba ndefu. Mnamo 1951, Christopher Strachey, aliyekuwa mwalimu katika shule ya Harrow nchini Uingereza, aliandika programu ya drafti kwa ajili ya tarakilishi ya majaribio iliyoitwa Pilot ACE. Hakuna aliyemtuma, alikuwa akijifurahisha. Kumbukumbu ya mashine hiyo haikutosha, naye akahamia kwa ile ya Ferranti iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Manchester. Kufikia 1952 programu yake iliweza kucheza drafti kutoka mwanzo hadi mwisho, na haikukosa kumkemea kwa maandishi binadamu aliyekawia kucheza.

Wakati huo huo, Alan Turing na rafiki yake David Champernowne walikuwa wamebuni kanuni za kucheza sataranji ambazo hazikuwa na mashine ya kuziendesha. Mwaka wa 1952 Turing alikaa na karatasi na kalamu, akazifuata kanuni hizo mwenyewe kana kwamba yeye ndiye tarakilishi, akacheza na mwenzake Alick Glennie. Karatasi ilishindwa katika hatua ya 29. Mmarekani Claude Shannon naye alikuwa amechapisha mwaka wa 1950 makala yaliyoeleza jinsi tarakilishi inavyoweza kucheza sataranji, na hadi leo watunzi wa programu za aina hii hupita katika njia aliyoichora.

Mfano unaowapa moyo zaidi waraibu ni wa Peter Jennings, ambaye mwishoni mwa 1976 alianza kuuza programu iliyoitwa MicroChess kwa Dola 10 za Marekani. Ilicheza sataranji katika tarakilishi ndogo ya KIM-1 yenye kumbukumbu ya takriban kilobaiti moja, yaani nafasi isiyotosha hata kuhifadhi makala haya. Mapato yake yalisaidia kugharimia uchapishaji wa VisiCalc mwaka wa 1979, programu ya hesabu iliyozifanya ofisi nyingi kununua tarakilishi kwa mara ya kwanza. Simu ya bei nafuu inayouzwa leo mjini ina kumbukumbu kubwa mara zaidi ya milioni moja kuliko ile KIM-1. Ukosefu wa mashine, basi, haumzuii mtu tena.

Turudi kwenye bao. Ubao wake una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64 ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili: ya ndani, inayomtazama mwenzake, na ya nje, iliyo karibu naye. Mashimo ya pembeni katika safu ya ndani huitwa vichwa, na hayo pamoja na yanayoyafuata huitwa kimbi. Shimo moja la kila mchezaji, aghalabu lenye umbo la mraba, ni nyumba, nalo lina sheria zake.

Kwa mtunzi wa programu, ubao huo wote ni orodha ya namba. Zinahitajika namba 32 za mashimo, mbili za kete zilizo mkononi mwa kila mchezaji, mbili za kuonyesha kama nyumba ya kila mmoja ingali hai, na moja ya kusema ni zamu ya nani. Namba 37 zinatosha kueleza hali yoyote ya mchezo. Mtu anaweza kuziandika zote katika kipande cha karatasi ya sigara.

Baada ya hapo ndipo kazi huanza. Katika bao kamili, kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Zilizobaki, 22, huziweka mkononi na kuziingiza moja moja kila zamu. Kipindi hicho huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia kipindi cha mtaji, ambapo mchezaji huanza zamu yake kwa kuokota kete zilizokwisha kuwa ubaoni.

Kula ni kwa lazima pale kunapowezekana. Kete inapowekwa katika shimo la ndani lenye kete, na shimo la adui linalolitazama nalo lina kete, basi za adui huchukuliwa na kupandwa upande wa mlaji kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia tena shimo lenye kete linalotazamana na kete za adui, mchezaji hula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, huziokota zote na kuendelea kupanda. Ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu inakwenda kwa mwenzake.

Mpaka hapa mtunzi hufurahi, kwa kuwa maelezo hayo yanageuka programu ya mistari isiyozidi mia moja. Furaha hiyo haidumu.

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kudhani kwamba hatua moja ya bao inaelezeka kwa mambo mawili tu: shimo na upande wa kuelekea. Katika namua, mlaji anapopanda na kete yake ya mwisho ikaingia katika nyumba yake ambayo ingali hai, bila ya kuwa na cha kula hapo, ana hiari. Anaweza kulala, akaiacha nyumba na mali yake, au akaenda safari kwa kuzitoa kete zote za nyumba na kuendelea kuzipanda. Uamuzi huo hutokea katikati ya hatua, baada ya kete kadhaa kuhama. Programu ambayo haikutengewa nafasi ya kumuuliza mchezaji swali hapo katikati hulazimika kubomolewa na kuandikwa upya, na hilo limewapata wengi waliojiona wamemaliza.

Kosa la pili linahusu kutakata, yaani kucheza bila kula. Hatua iliyoanza kwa kutakata hubaki ya kutakata hadi mwisho. Hata kete ya mwisho ikiangukia mahali ambapo kwa kawaida mtu angekula, haruhusiwi. Mtunzi aliyejifunza bao kwa kutazama juu juu huisahau kanuni hii, na programu yake huwa na ulafi ambao mzee yeyote ataugundua katika zamu ya tatu au ya nne.

Kisha kuna kimbi. Kete zilizoliwa kutoka shimo la kati mlaji huchagua, anapoanza hatua yake, kichwa cha kuanzia kuzipanda. Zikiliwa kutoka kimbi hana hiari. Lazima aanzie kichwa kilicho karibu. Akiendelea kula katika hatua hiyo hiyo, hufuata mwelekeo aliokuwa nao, isipokuwa kimbi kimlazimishe kugeuka. Binadamu huyazoea haya kwa mkono. Tarakilishi haina mkono wa kuzoea, na kila "isipokuwa" lazima iandikwe.

La mwisho, na ambalo huwafanya hata wachezaji wa miaka mingi kubishana, ni kutakasia. Hutokea katika kipindi cha mtaji, pale mchezaji anapotakata na kumwacha adui akiwa hana cha kula, huku shimo moja tu la adui likiwa hatarini kuliwa katika zamu inayofuata. Shimo hilo limetakasiwa, na mwenyewe haruhusiwi kulikimbiza kwa kutakata kutoka humo. Lakini haliwezi kutakasiwa ikiwa ni nyumba, au ikiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya ndani, au ndilo pekee lenye kete zaidi ya moja. Kuandika sheria hiyo kunaitaka programu ijaribu kwanza hatua zote za pande zote mbili ndipo iseme kama hatua fulani inaruhusiwa.

Mtu atajuaje kwamba amezipata zote? Watunzi wa programu za sataranji wana dawa yao. Huiagiza programu ihesabu hatua zote zinazowezekana kutoka mwanzo wa mchezo, kisha majibu yote ya hatua hizo, na kuendelea. Katika sataranji jibu sahihi linajulikana: hatua 20 kwa zamu ya kwanza, njia 400 baada ya zamu mbili, 8,902 baada ya tatu, na 197,281 baada ya nne. Programu inayotoa 197,280 ina kosa, hata kama inacheza vizuri kiasi gani.

Katika bao, hesabu ya mwanzo yaweza kufanywa kwa mkono. Kete za wachezaji wawili hazitazamani mchezo unapoanza, kwa hivyo wa kwanza hawezi kula na lazima atakate. Nyumba haichezwi maadamu kuna shimo jingine la kuchezea. Yanabaki mashimo mawili, na kila moja laweza kupandwa kushoto au kulia. Hatua ni nne, basi. Programu ikitoa tano au sita, mtunzi ajue ameruhusu nyumba kuguswa; ikitoa sifuri, amesahau kwamba kutakata kunakubalika.

Kuhusu akili yenyewe, maelezo hayahitaji kurefushwa. Tarakilishi hujaribu kila hatua yake, kwa kila moja hujaribu kila jibu la adui, na kwa kila jibu hujaribu tena hatua zake, hadi kina kilichowekwa. Mwishoni hukadiria ni hali ipi yenye faida, kisha hurudi nyuma ikichukulia kwamba yenyewe itachagua iliyo bora na adui naye atachagua ile inayoiumiza zaidi. Ni yale yale anayofanya mzee anapokaa kimya akitikisa kete kiganjani, ila mashine hufanya kwa maelfu na haichoki.

Tatizo ni kwamba njia huongezeka upesi. Ikiwa kila zamu ina hatua 10, kutazama zamu nane mbele ni kutazama hali milioni 100. Wataalamu hutumia mbinu iitwayo alfa-beta, ambayo huiacha njia mara tu inapobainika kwamba adui ana jibu la kuiharibu, bila kuhangaika kujua itaharibika kwa kiasi gani. Hatua nzuri zikitazamwa kwanza, hizo milioni 100 zaweza kupungua hadi kufikia takriban 20,000, na jibu likabaki lile lile. Ndiyo sababu simu ndogo huweza kumshinda mtu mzima.

Kukadiria hali ya mchezo ndiko kunakotenganisha programu nzuri na mbovu. Anayeanza huhesabu kete tu: aliye na nyingi anaongoza. Katika mchezo wa awari, ndugu wa bao anayechezwa Afrika Magharibi kwa mashimo 12 na kete 48, hesabu hiyo ina maana, kwa kuwa kete zinazoliwa hutolewa ubaoni na anayezikusanya nyingi ndiye mshindi. Katika bao la Kiswahili ni mtego. Kete zilizoliwa hazitoki ubaoni, hubadilisha mwenyewe tu, na mchezaji hushindwa safu yake ya ndani inapokuwa tupu au anapokosa hatua ya kucheza. Mtu aweza kuwa na kete 40, zote zikiwa zimerundikana nje ambako haziliwi, na bado akafungwa.

Programu iliyofunzwa kupenda wingi wa kete, kwa hivyo, huwa kama tajiri aliyefukia pesa zake zote uani. Vipimo vinavyofaa zaidi ni vile ambavyo wachezaji wenyewe huvitaja wakisimulia mchezo: nyumba ya nani ingali hai na ina kete ngapi, adui ana njia ngapi za kula zamu ijayo, na ni mashimo mangapi ya ndani yaliyobaki na kete. Kila kipimo hupewa uzito wake, na kupanga uzito huo ndiko kunakomla mraibu usiku.

Ipo njia ya kuikwepa kazi hiyo, nayo ni kuiacha tarakilishi ijifunze. Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alichapisha mwaka wa 1959 maelezo ya programu yake ya drafti iliyorekebisha vipimo vyake yenyewe kwa kucheza dhidi ya nakala yake. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza AlphaZero, iliyojifunza sataranji kwa saa chache bila kuonyeshwa mchezo wowote wa binadamu, ingawa ilitumia mitambo ambayo hakuna mraibu anayeweza kuimiliki. Kwa kiasi kidogo, kipakatalishi cha kawaida pia chaweza kucheza bao maelfu ya mara usiku kucha na kujirekebisha.

Hatari ni kwamba mashine inayojifunza hivyo hutafuta upenyo wowote ulioachwa katika sheria. Mtunzi akisahau kwamba kutakata hakuli, itajifunza kushinda kwa kutakata na kula. Atakapoamka asubuhi atakuta bingwa wa mchezo usiochezwa popote duniani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sataranji na drafti hazina. Katika bao, hatua moja yaweza kukosa mwisho. Kete hupandwa, huokotwa na kupandwa tena kwa mzunguko, na haitokei ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Barazani jambo hilo huamuliwa na watu: mkono ukichoka, watazamaji wakipiga kelele, hukubaliana. Simu haina watazamaji. Itazunguka mpaka betri iishe, na mtumiaji atadhani imekufa.

Dawa haina ugumu wowote kwa anayelijua tatizo. Upandaji hauna bahati nasibu. Hali ile ile huzaa matokeo yale yale. Basi ikiwa katika hatua moja ubao umerudi kama ulivyokuwa, na kete inayofuata inaokotwa shimo lile lile kuelekea upande ule ule, hatua hiyo haitakwisha kamwe. Programu hukagua hilo au huweka kikomo cha idadi ya kete zinazopandwa katika hatua moja, kisha huitangaza hatua kuwa batili. Iwapo batili ndiyo hukumu inayofaa, hilo ni swali la wachezaji, wala si la mashine.

Watafiti wamelishughulikia bao kwa miaka mingi. Alex de Voogt, Mholanzi aliyefanya utafiti miongoni mwa mabingwa wa Unguja, alichapisha mwaka wa 1995 mjini Leiden kitabu kinachochunguza kiwango ambacho akili ya binadamu inaweza kufika katika mchezo huu. Mnamo 2002, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht waliandika kuhusu kuitungia tarakilishi programu ya bao. Hapa Pwani mchezo ulikuwa umeingia katika fasihi kitambo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alilitungia bao mashairi.

Mwaka huo huo wa 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliimaliza awari. Walitumia tarakilishi zilizounganishwa zenye vichakataji 144, zikafanya kazi kwa saa 51, zikakagua hali zote 889,063,398,406 zinazoweza kutokea katika mchezo huo. Walibaini kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Drafti nayo ilimalizwa mwaka wa 2007 na Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, baada ya kazi waliyoianza 1989. Huko pia jibu lilikuwa sare. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64 zisizotoka ubaoni, lina hali nyingi zaidi kupita kiasi kuliko awari. Anayelitungia programu nyumbani hawezi kuota kulimaliza, na pengine hiyo ni heri kwa mchezo.

Programu ikishakucheza, hubaki kazi ya kuifanya ipendeke, ambayo waraibu wengi huidharau. Kete zikihama zote kwa nukta moja, mtumiaji haoni kilichotokea na huamini ameibiwa. Lazima ziende moja moja, kwa kasi anayoweza kuipunguza, na shimo lililoliwa lionyeshwe. Ni muhimu pia kuwe na kitufe cha kurudisha hatua, kwa kuwa vidole havikosi kuteleza.

Kiwango cha ugumu nacho huhitaji busara. Njia rahisi ya kuidhoofisha mashine ni kuiamuru ifanye ujinga mara kwa mara, lakini anayejifunza huona kwamba amepewa ushindi kama zawadi. Afadhali iachwe itazame zamu moja au mbili tu mbele. Itakosea kama anavyokosea mwanafunzi, kwa kutoona mbali. Kwa wasiojua kabisa, lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili na hakuna kipindi cha namua. Mtunzi mwenye hekima huanza na hilo hata kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu sheria za nyumba na safari huweza kuongezwa baadaye.

Gharama si kubwa kama inavyohofiwa. Zana za kutungia programu za simu za Android hupatikana bila malipo, na ada ya kujisajili katika duka la Google ni Dola 25 za Marekani, inayolipwa mara moja tu. Duka la Apple hutoza Dola 99 kila mwaka, na hilo huwafanya wengi waliache hadi watakapopata watumiaji wa kutosha. Kinachogharimu ni muda: wiki chache za kuifanya icheze, na miezi ya kusahihisha yale ambayo wachezaji watayalalamikia.

Malalamiko hayo ndiyo hazina. Mtunzi anayeifanyia programu yake majaribio na marafiki zake wa ofisini, ambao nao walijifunza bao wiki iliyopita, ataambiwa kwamba ni nzuri. Anayeipeleka barazani, akaiweka simu kando ya ubao halisi na kuwaomba wazee wacheze hatua zile zile pande zote mbili, atarudi na orodha ndefu. Kila mara ubao na simu vinapotofautiana, huziandika zile namba 37 na hatua iliyozua ubishi. Hali hiyo hubaki katika programu kama jaribio la kudumu, ili kosa lililorekebishwa lisirudi kwa mlango wa nyuma.

Hutokea pia wazee wawili wakatofautiana wao kwa wao kuhusu kutakasia, au kuhusu nyumba iliyobaki peke yake katika safu ya ndani, au kuhusu hatua isiyokwisha. Kila mmoja alifunzwa hivyo na aliyemfunza, na huenda mmoja alilelewa Lamu na mwingine Unguja. Hapo baadhi ya watunzi huchagua sheria iliyo rahisi kuandika na kuendelea na kazi. Wengine huziandika zote mbili, wakazipa majina ya mahali zilikotoka, na kumwacha mtumiaji achague kabla ya kete ya kwanza kushuka ubaoni.